Banda Jipya

Bi Doreen alinikabidhi bati la biskuti:
picha mia tatu na kumi na mbili,
flashi mbili, moja imetafunwa na mbwa,
na daftari la marehemu Alf, mwandiko wa penseli.
"Kitabu," akasema. "Kidogo tu. Cha njiwa wake."
Vyote vilikuwa mvunguni. Aliyeinama ni yeye,
miaka themanini na moja, goti moja la chuma.
Mimi nilishika tochi.

Hapa Ashington mvua hainyeshi, imesimama tu hewani.
Mgodi ulipofungwa wanaume walibaki na mabanda,
mbao za kijani, nyeupe, kijani,
na shingo zilizozoea kutazama kusini kila Jumamosi.

Nikafungua programu. Nikaunda folda mama, HEPPLE.
Ndani yake Maandishi, Picha, Fonti, Jalada.
Ndani ya Picha: Njiwa, Banda, Vikombe, Watu.
Nikafurahi kama aliyemaliza kupanga kabati,
sahani juu ya sahani, bakuli ndani ya bakuli,
na ule mwiko uliovunjika mpini, usio na kwao,
nikaufanyia folda: Mbalimbali.

Faili zilikuja na majina ya kihuni.
Skani_mpya. Skani_mpya_nzuri.
Alf_mwisho. Alf_mwisho_kweli.
Ni mpwa wake aliyeziita hivyo, mwezi mmoja kabla ya mazishi,
hakusikia alichokiandika.

Alf hakuwa mtu wa hivyo.
Kila njiwa wake alivaa pete mguuni, mwaka na namba,
na daftarini namba ile ile,
saa aliyoachiwa, saa aliyotua, upepo,
kisha neno moja au mawili:
mvivu.
jasiri.
alikula njiani.
Basi picha nikazibatiza kwa pete zao.

Jumanne usiku ujuzi ukanizidi.
Nikaihamisha folda ya Picha, nikaitia ndani ya nyingine,
eti ipendeze.
Asubuhi kufungua kitabu:
alama nyekundu thelathini na nane
na visanduku vya kijivu mahali pa mabawa.
Picha hazikupotea. Zipo, naziona, chumba cha pili.
Ila kurasa hazitafuti. Kurasa zinakumbuka njia,
zinarudi pale pale zilipofunzwa
na kukuta nyasi.

Nilipomsimulia kwenye simu, Doreen hakucheka.
Walipohama Safu ya Saba, akasema,
Alf alijenga banda jipya, hatua mia mbili tu,
na mpaka majani yakapukutika
njiwa walitua kwenye uwanja wa zamani,
wakingojea mlango uliokwisha kuwa kuni.
"Akafanyaje?"
"Alikwenda kila jioni na kikapu.
Akawaleta mmoja mmoja."

Basi mmoja mmoja. Bofya, tafuta, unganisha.
Nyekundu ikizimika, bawa likirudi ukurasani,
chai ikipoa, taa za barabarani zikiwaka saa tisa na nusu mchana
kama desturi ya Desemba ya huku.
Kipo kitufe cha kuziunganisha zote kwa mpigo.
Nakijua.
Sikukigusa.

Imebaki moja haina pete:
mkono wa mtu, toka kiwiko hadi vidole,
umefumbuka, na juu yake ukungu wa kitu
kilichokwisha kuruka kabla kamera haijapepesa.
Si Njiwa. Si Banda. Watu, labda, ila uso hakuna.
Kwenye Mbalimbali nikaitia, nikaitoa,
nikaitia tena, nikaitoa.

Nikampigia kumuuliza.
Birika lake lilipiga mluzi hadi likachoka.
"Iweke mwisho," akasema. Kisha upesi:
"Lakini usiiite hivyo."
Niiteje?
Nikasikia karatasi za daftari zikifunuliwa,
moja, nyingine, nyingine.
"Andika," akasema, "alikula njiani."